Nilivyojifunza Kumwita Mke Wangu

Kazi yangu ni kuongea. Nawashusha wageni kwa gari kwenye kreta ya Ngorongoro, nawaonyesha faru aliye mbali mpaka anafanana na jiwe, na kabla hawajachoka nawapa hadithi. Kwa hiyo mke wangu aliponituma kwa mshauri nasaha sikuona ugumu wowote. Kuongea na mama mmoja kwenye chumba kidogo nyuma ya zahanati, hapo Karatu mjini, kutanishinda nini?

Lazima nieleze tulivyofika huko. Binti yetu, mtoto wetu pekee, alikufa kwa nimonia akiwa na miaka sita. Mimi nimezaliwa juu Ngorongoro, kwa wafugaji. Kwetu jina la aliyekufa halitajwi, na hata ndugu mwenye jina hilo hutafutiwa lingine. Mke wangu ni Mwiraqw wa Rhotia, na kwao marehemu huombewa kwa jina lake. Tangu tuzike, mimi sikulitaja. Na kwa kuwa watu wote, nami nikiwemo, tulimwita mke wangu Mama na jina la mtoto, nikakosa cha kumwita. Nikawa namwita "wewe". Wewe, chakula tayari? Wewe, nimeondoka. Ndoa nzima ikaishia kwenye "wewe".

Siku ya misa ya kumwombea mtoto, katekista aliniinamia akauliza jina la kusoma. Nikaangalia viatu vyangu. Akauliza tena, akidhani sijasikia. Watu walitungoja, mpaka mke wangu akasimama akalitaja mwenyewe, kwa sauti iliyokatika katikati. Kesho yake akafunga nguo zake kwenye kanga.

"Narudi kwa wazazi wangu," alisema. "Yule mama wa ushauri amenisaidia sana. Nenda na wewe. Ukiweza kumtaja mwanangu, njoo. Ukishindwa, usije."

Nikaenda, moja kwa moja kutoka kazini, vumbi bado shingoni. Mshauri, mama wa makamo mwenye sweta ya kufuma, akaniuliza habari. Nzuri. Za kazi? Nzuri sana, wageni ni wengi. Nikamwongezea na kisa cha nyani aliyemnyang'anya mgeni keki yake. Akacheka, nami nikatoka pale najiona nimefaulu. Safari ya pili nikampa kisa cha kiboko. Iliyofuata aliniacha nikamaliza vichekesho vyangu vyote, kisha akauliza taratibu:

"Baba, una watoto wangapi?"

Wageni huniuliza hivyo kila siku, na jibu ninalo mdomoni. "Bado, mama. Tunamwomba Mungu."

Ndipo nikakumbuka. Mke wangu alikuwa amemlilia mtoto wetu kwenye kiti kilekile nilichokalia, mbele ya mama huyohuyo. Masikio yaliniwaka moto kwa aibu.

"Unanitembeza, baba," akasema. "Mimi si mgeni wa kreta. Ukija tena, njoo na lile ambalo njiani unaomba nisikuulize."

Neno hilo lilinisaidia kuliko yote. Nikaanza kwenda siku nisizo na safari. Nikawa naegesha gari mbali, natembea kwa miguu, najiuliza leo naogopa nini. Nikishalijua, nikifika ndilo nalisema kwanza, kabla ya habari na nzuri. Nikitoka sipokei simu ya mtu, naacha maneno yatulie.

Si kwamba ilikuwa raha. Kuna siku nilimfokea kwamba hajui mila, anataka kuning'oa kwetu. Hakubishana. Aliuliza tu, "Na wewe umemlilia vipi?"

Sikuwa nimemlilia. Basi nikalia pale, mtu mzima na ndevu zangu, kamasi zinanitoka. Nikamsimulia binti yangu alivyokuwa akipanda kwenye usukani gari likiwa limezimwa, akaamuru, "Wageni, fungeni mikanda!" Sote tulifunga, hata bibi yake aliyekuwa amekuja kututembelea. Nikasimulia mpaka muda ukaisha, ila jina sikulitaja. Mama yule hakunilazimisha.

"Kwenu usilitaje," alisema wakati naondoka. "Heshimu. Lakini yupo mtu mmoja anayelisubiri, na yeye si wa kwenu, ni wako."

Mama yangu mzazi bado yu hai huko juu, na haya atasomewa. Ndiyo maana hata hapa siliandiki.

Nilikwenda Rhotia wakati wa kupukuchua mahindi. Mke wangu alikuwa uani kwa wazazi wake, amekaa juu ya gunia, amenipa mgongo. Gari alilisikia, maana analijua mlio wake, lakini hakugeuka. Mikono iliendelea na kazi. Nilisimama karibu na rundo la magunzi, nikiogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mnyama yeyote. Kisha nikamwita kama nilivyomwita miaka yote ile: Mama, halafu jina la mtoto wetu, lote.

Mikono ikasimama.

"Abee," akaitika, bado amenipa mgongo, analia.