Eda na Kadi ya Bima

Siku mdogo wangu wa kike alipotimiza miaka ishirini na moja hakuna aliyempikia keki. Kwetu Wawi hatuna mazoea hayo, na yeye mwenyewe keki alikuwa haruhusiwi: ana kisukari cha kuchoma sindano tangu darasa la sita. Aliyeikumbuka tarehe ile alikuwa mmoja tu, nayo ni kompyuta ya ofisi ya bima. Wiki mbili baadaye tulikwenda hospitali kuchukua dawa yake. Dirishani wakaipokea kadi, wakaitazama, wakairudisha.

"Huyu ametoka," alisema dada wa dirishani.

"Ametoka wapi? Si huyu nimesimama naye."

"Ametoka kwenye kadi ya mzee. Umri umefika."

Baba ni mwalimu wa skuli ya msingi huko Ole. Utaratibu mpya wa bima ulipoletwa walianza na wafanyakazi wa serikali: mshahara ukakatwa kila mwezi, na mwalimu akapewa haki ya kuandikisha mke na watoto ambao bado ni watoto. Mama alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na miye utoto ulinitoka zamani, kwa hivyo kadi ya baba ilibeba watu wawili, yeye na mdogo wangu. Kabla ya bima matibabu yalikuwa bure. Bure ilikuwepo kila siku. Dawa ndiyo iliyokuwa haipo, na tukinunua famasi. Bima ilipokuja, dawa ikapatikana, na miye nilikuwa mmoja wa walioisifu barazani kwa sauti kubwa. Upande wa nyuma wa fomu sikuusoma.

Kazi yangu ni udalali. Nauza vya watu: ng'ombe, viwanja, vespa zilizochoka, vitanda vya marehemu. Basi pale dirishani nikafanya kitu ninachokijua.

"Dada yangu, kama mtu mmoja ametoka, na makato ya mzee yapungue."

"Kaka, makato hayaendi kwa vichwa. Yanakwenda kwa mshahara."

"Yaani abiria kashuka, nauli ile ile?"

"Ile ile."

"Na huyu akitaka kadi yake mwenyewe?"

Akanitajia bei. Ya mwaka mzima, inalipwa kwa mkupuo, na mwenye maradhi yake ya siku zote husubiri miezi mitatu kabla kadi haijaanza kumtibu. Nikamwomba airudie. Akairudia, haikushuka. Ilikuwa bei ya ng'ombe dume wa wastani, na miye nasema kwa ujuzi, maana wiki ile ile nilikuwa nimeuza mmoja.

Nyuma yetu alisimama kijana wa bodaboda, mkono umefungwa bendeji, naye alikuwa ameshatolewa kwenye kadi ya mama yake. Akasema, "Miye n'shapiga hesabu. Bora nisianguke tena." Foleni nzima ikacheka. Wengi wao walikuwa rika lile lile: kashavuka utoto, kazi ya kuajiriwa hana, na hiyo kadi ya peke yake akiitazama anaona afadhali atumaini mwili wake. Kwa mzima, kutumaini mwili ni mpango. Mdogo wangu hakucheka.

Niseme wazi: pesa ningeweza kuipata. Nilikuwa na pikipiki, na pikipiki inauzika. Lakini bei ya kwanza niliyotajiwa sijawahi kuitoa maishani mwangu, nikaona nisubiri, huenda mambo yakalegea. Katika kusubiri kwangu, dawa tukiinunua famasi, ndipo ikaja posa.

Mposaji alikuwa karani wa serikali huko Wete, mtu wa miaka thelathini na kidogo, mpole, mwenye maneno machache. Ana mshahara, ana makato, ana kadi, na kwenye kadi ana nafasi ya mke. Mdogo wangu moyo wake ulikuwa Msuka, kwa kijana mmoja muuza pweza ambaye alikuwa akija mjini Chake kwa biashara. Kijana yule nilimwita nikamuuliza swali moja tu.

"Una bima?"

"Afya ninayo, kaka."

"Nauliza bima, ya kwako."

Hakurudi tena. Nilijiona nimemaliza kazi ya siku.

Baba alipomuuliza mdogo wangu kuhusu karani, alinyamaza. Kwetu mwari akiulizwa akanyamaza, ndiyo hiyo. Nilikuwepo. Aliendelea kushona kofia aliyokuwa nayo mkononi, tundu baada ya tundu, kwa sindano nyembamba mno, maana hizo kofia za mkono ndizo zilizokuwa zikimpa senti zake. Ule ukimya niliupokea kama anavyopokea dalali, kabla mwenyewe hajabadili mawazo.

Shehe wa kuozesha alipotuma kumuuliza mdogo wangu anataka mahari gani, akajibu: friji. Dawa yake hutaka baridi, nasi tulikuwa tukiiweka kwenye mtungi wa maji uani. Wazee wa upande wa mume wakatazamana, kwa kuwa wamezoea kusikia mkufu na bangili. Friji ikakubaliwa. Ndipo nikatia sharti langu: ndani ya siku saba baada ya nikaha, jina la bibi harusi liwe kwenye kadi.

Ami yake bwana harusi akaniuliza, "Weye bwana, unaoza mtu au unasajili chombo?"

Watu wakavunjika mbavu. Miye ndiye niliyecheka kuliko wote.

Jina liliingia siku ya tano. Kwa mwaka na miezi saba mdogo wangu alichukua dawa yake Wete bila kutoa senti, na kila nikikutana na mtu mwenye binti wa umri ule nilimpa ushauri bure, jambo ambalo si kawaida yangu. Kisha siku moja mchana gari ya mzigo ikasimama mlangoni kwetu, imebeba friji, sanduku la nguo, na mdogo wangu amekaa mbele kwa dereva. Ameachwa. Talaka moja.

Nilikwenda Wete nikiwa nimejipanga kwa ugomvi. Shemeji akanipokea vizuri, akaagiza kahawa. Hakumtukana mdogo wangu hata kidogo.

"Hajanikosea," alisema. "Anapika, anafua, ananiheshimu. Lakini shemeji, siku ya kuchukua dawa ndiyo siku pekee katika mwezi anayoniuliza nimeamkaje. Nimechoka kuwa kadi."

Nilikunywa kahawa yangu. Mwenye kumfanya kadi ni miye.

Akanieleza kwamba karatasi ya talaka hataipeleka ofisini kwake mpaka eda iishe. Ndani ya eda bado ni mkewe, na neno moja tu la mume linamrejesha, bila mahari wala nikaha mpya. Dawa akachukue kama kawaida. Niliporudi nyumbani niliitoa kalenda ya ukutani, nikahesabu miezi mitatu toka siku ya talaka, nikaizungushia tarehe ya mwisho kwa kalamu nyekundu. Nilikuwa na muda wa kupatana, na nikipewa muda, miye huwa sishindwi.

Nilikwenda Wete mara nne. Mara ya nne akakubali.

"Nitamrejea," alisema. "Kwa karatasi. Yeye akae kwenu, nami nikae kwangu. Kadi iwe yake."

"Na weye unataka nini?"

"Sitaki kitu. Sitaki tu kuja kuambiwa amekufa."

Mtu asiyeomba kitu hunitia wasiwasi, lakini ahadi yake niliichukua. Tukaagana aje Ijumaa na mashahidi wawili. Kwa kalenda yangu zilibaki siku kumi na mbili. Nilirudi Wawi nimefurahi njia nzima. Katika umri wangu wote wa udalali sikuwahi kupata kitu kikubwa kiasi kile kwa bei ya kahawa.

Mdogo wangu alikuwa amekaa ukumbini, kofia mkononi.

"Mumeo yuko tayari kukurejea kwa karatasi tu, weye ubaki hapa," nikamwambia.

"Nani kamwambia anirejee?"

"Miye."

"Kwa bei gani?"

"Bure."

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aletwe na ile gari. "Kwa hivyo nitakaa hapa, ni mke wa mtu aliyeko Wete. Na akija mtu mwengine kunitaka?"

"Tutaona mbele."

"Mbele lini, kaka?"

"Mpaka bima ipate utaratibu mwengine. Vitu hivi vinabadilika."

Akatia uzi kwenye sindano, akaukata kwa meno. "Eda imekwisha," alisema.

"Bado siku kumi na mbili." Niliinuka nikaileta kalenda nimuoneshe duara.

"Hiyo eda yako weye. Weye umehesabu miezi. Mwanamke anayepata siku zake huhesabu twahara tatu, eda yake haiko ukutani. Imekwisha tangu Jumatatu."

Nilisimama na kalenda mkononi. Kitu hiki nimefundishwa chuo cha Kurani nikiwa mdogo, nilikijua. Ila nilipoona neno tatu niliandika miezi, kwa kuwa miezi ndiyo ninayoweza kuihesabu mwenyewe.

Nikakimbilia kwa shehe.

"Mwenyewe kasemaje?" akaniuliza.

"Kasema imekwisha."

"Basi imekwisha. Katika hilo neno ni lake, si lako wala si langu."

"Hakuna njia ya kuhakikisha, shehe?"

"Nenda nyumbani, mwanangu," akasema.

Kama mdogo wangu alisema kweli au alisema lililomtosha, sijui. Sikumuuliza siku ile, na sijamuuliza mpaka leo. Nilimpigia simu shemeji asije. Akasema, "Mwambie namtakia kheri." Ofisini alipeleka karatasi yake wiki iliyofuata, na kadi ikakatika.

Ndipo nikauza pikipiki. Nilirudi kwenye dirisha lile lile nikalipa bei ile ile niliyoikataa, ya mwaka mzima, kwa mkupuo, na miezi mitatu ya kusubiri ikaanza kuhesabika. Katika miezi hiyo nilimnunulia chupa za insulini famasi. Nilijua famasi tatu za Chake na bei zao, na ipi inapunguza ukichukua mbili. Nikaona jambo: chupa iliyokuwa ikimalizika kwa wiki nne sasa inakwenda wiki sita, pengine zaidi. Nikafurahi. Nilisema barazani kwamba mapumziko ya nyumbani yamemfaa, maradhi yanapungua. Nilimwambia na yeye, na akatabasamu.

Asubuhi moja baba alimwamsha kwa sala ya Alfajiri asiamke. Alikuwa anapumua kwa nguvu kama mtu aliyekimbia. Hospitali daktari akatuuliza, "Alikuwa akichoma yuniti ngapi?" Baba akanitazama miye. Bei ya chupa niliijua mpaka senti. Yuniti sikuzijua. Katika miaka yote ile sikuwahi kumuuliza.

Alikuwa akichoma nusu.

Siku ya tatu alipopata fahamu vizuri nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba dawa haimtoshi. Midomo yake ilikuwa mikavu, akasema polepole, "Ulikuwa unafurahi."

Sukari ilikuwa ikiyala macho yake kidogo kidogo kwa miaka, daktari alieleza, na ile miezi ikamaliza yaliyobaki. Mwanga anauona. Mtu akisimama mlangoni anajua kuna mtu. Kofia ya mwisho ilibaki nusu, na mwanamke mmoja wa jirani akaichukua kuimalizia.

Kadi yake sasa inafanya kazi. Ina picha yake na jina lake peke yake, hakuna baba wala mume. Kila mwaka naenda kulipa, sisemi neno, na yule dada wa dirishani nadhani ananiona nimekuwa mtu mwengine. Vijana wapo pale kila nikienda, wazima na wagonjwa, wanauliza bei, wanaondoka. Sijui niwaambie nini. Nikiwaambia lipeni, nitakuwa nawaambia wauze pikipiki wanayoilia chakula. Nikiwaambia subirini, najua nilipofika kwa kusubiri.

Asubuhi na jioni miye ndiye ninayevuta dawa kwenye sindano, kwa sababu ile mistari yeye haioni tena. Anakaa kitandani, mkono ameunyoosha.

"Ngapi?" anauliza.

"Kumi na nane."

"Tazama tena."

Naipeleka dirishani penye mwanga, natazama tena, namwambia kumi na nane. Anaipokea. Kisha anageuka upande anakosikia kikohozi cha baba, anampa baba sindano, avae miwani yake, aisome na yeye.