Kitenge Alichokichoma Bernadetha

Kitendawili, msomaji wangu. Sema tega. Nina mzigo usio na kata. Nalala nao, naamka nao, na jirani yangu hauoni. Umeshindwa? Basi nipe mji. Haya, nimeupokea: ni siri.

Saa tatu asubuhi, Kaniha wilayani Biharamulo. Bernadetha, mhudumu wa afya wa kijiji mwenye miaka sitini na mmoja, anawaonyesha akina mama mfuko wa kaki.

"Mwenzenu akibakwa, asioge. Nguo zisifuliwe, ziwekwe humu. Na afike hospitali siku tatu hazijaisha."

"Shangazi, leo unatufundisha uchafu!" Tecla, mmoja wa akina mama hao, anamtania.

"Nafundisha nilichoharibu mwenyewe," anajibu. Kicheko kinakatika.

Mwaka 2015 alikuwa mkunga wa jadi Ngara, karibu na mpaka. Diane, msichana wa miaka kumi na tisa, akaja mlangoni kwake akitokea Burundi. Watu wenye silaha walikuwa wamembaka njiani.

Bernadetha alifanya alivyofunzwa na mama yake. Alichemsha maji, akamkanda, akamwogesha, kitenge chake akakitia motoni.

"Nilidhani namponya," anasema. "Kumbe namfutia kesi. Hospitali tulienda siku ya tisa, homa ilipompanda. Dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi ilikuwa haifai tena. Anameza vidonge hadi leo."

Tangu hapo amesindikiza wanawake thelathini na wanne hadi polisi na hospitali, kwa posho isiyotosha hata nauli ya bodaboda.

Sasa kuna wakili mjini Ngara anayekusanya maelezo ya walionusurika, ayapeleke mahakamani. Diane, ambaye naye sasa anaishi Kaniha, ameshatoa yake. Anakosa shahidi aliyemwona na majeraha yake.

Juzi alimwuliza Bernadetha, "Mama, utaenda kusema?" Mama mtu mzima akainuka, akaenda kukoroga maharage ambayo hayakuhitaji kukorogwa.

"Naogopa wataniuliza nguo iko wapi," anakiri.

Mkutano unaisha. Diane amesimama pembeni, kanga ameibana kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Wakili anaondoka Ijumaa. Kama hutaki, niambie tu, nisikae natazama njia."

Bernadetha anakunja mfuko wake, anaukunjua, anaukunja tena.

"Kilikuwa cha njano, kina ndege," anasema. "Damu ilikuwa upande wa kushoto. Nitaenda, Diane. Nitasema nilichokiona, na nitamtaja aliyekichoma."