Siku Niliyovua Gunia Ukweni

Mke wangu hulisimulia jambo hili kila tukipata wageni, basi bora nijiaibishe mwenyewe kabla hajalitia chumvi, ingawa kusema kweli halihitaji chumvi.

Mimi ni mtu wa Newala, huku juu maji tunayajua ya kwenye ndoo, lakini nilipokwenda Lisekese kwa kina Zuhura kusikiliza jibu la posa nikajifanya mvuvi. Nilikuwa nimeona video kwenye simu: unachonga kisamaki cha mti, unakifunga ndoano tumboni na kipande cha bati kidevuni, ukikitupa kinaelea, ukivuta mshipi lile bati linakizamisha, ukiacha kinaibuka, na samaki anadhani ni mwenzake. Walisema mti uwe mwepesi. Mimi nikachonga cha mpingo (Mmakonde mzima nichonge msufi, watu wanioneje?), nikakipaka mafuta mpaka kikang'aa.

"Hiki si kitazama?" Zuhura akaniuliza.

"Aka, wewe subiri kula kambale."

Asubuhi hiyo nikamwamkia mama yake shikamoo, akaitikia marahaba, na mdomo wangu usivyo na breki nikaongeza, "Mama, leo mboga usihangaike, naleta samaki." Naye akaniamini, mbaazi zake akazirudisha kwenye debe.

Tukaenda bwawani mimi, baba yake na wajomba wawili, ambao ndio wenye jibu lenyewe. Nikarusha kwa mbwembwe. Chubwi! Tukasubiri kiibuke, wapi! "Ndio utaalamu wenyewe huo," nikasema huku jasho linanitoka, nikavuta mshipi, ukagoma. Hapo si ningenyamaza? Nikapiga kelele, "Nimempata! Mkubwa huyo!" Basi wajomba wakavua viatu wakaingia majini, baba mkwe akanishika kiuno kwa nyuma, wanawake wakaja mbio na beseni, Mama Zuhura mbele kabisa anapiga vigelegele, tukavuta wote, na kweli kikatoka kitu kikubwa: gunia, likapasuka palepale, mihogo ikatawanyika bwawa zima.

Vigelegele vikakatika.

"Jamani," Mama Zuhura akasema taratibu, "si mihogo yangu hii niliyoiloweka?"

Aibu niliyoiona, we acha tu. Nikavua shati nikaingia kwenye tope kuokota muhogo mmoja mmoja, uso siuinui, moyoni najua mke ndiyo nimeshamkosa. Mchana tukala ugali kwa chumvi na pilipili, mpaka mjomba mkubwa akapaliwa na kicheko.

"Mwingine angewasha pikipiki akakimbia," akasema, "huyu kaokota mpaka kipande cha mwisho. Mpeni mke. Ila mboga asiachiwe yeye."

Harusini, wakati wa kutunza, mama mkwe alikuja anacheza na gunia jipya kichwani, akalitua mapajani mwangu, kufungua ndani nakikuta kisamaki changu cha mpingo, na watu wote walishasimuliwa, wakaanguka kwa kicheko. Siku hizi samaki nanunua sokoni, na nikienda ukweni sisemi neno lolote la mboga mpaka nimeona sufuria iko jikoni inachemka.