Vishikwambi Vilivyohamia Shambani

Nilikwenda Mohoro kuwanyang'anya watu vitabu. Sina namna ya kulipamba jambo hilo. Maktaba yetu ya Kibiti ilikuwa imepeleka huko vishikwambi vitatu vilivyojaa vitabu, vinavyosomeka hata pasipo mtandao, na wazo lilikuwa langu. Sasa taarifa kwenye kompyuta ya ofisini zilionyesha kwamba Mohoro nzima ina msomaji mmoja tu, Bi Somoe, mama aliyekabidhiwa vifaa hivyo. Mkuu wangu akaniagiza nikavichukue, wapewe wengine.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa stendi ya Kibiti, na basi la Lindi halijatokea. Nilikaa, nikasimama, nikanunua chai nisiimalize. Moyoni nilijitetea mbele ya mkuu, kisha nikajisuta. Hata tulipovuka daraja la Rufiji, mahali ambapo siku zote huchungulia maji, nilitazama simu tu.

Nyamwage nilishuka, nikachukua bodaboda hadi Mohoro. Kwa Bi Somoe nilikuta mlango umefungwa. Jirani akanieleza kuwa mpunga umeanza kuiva, watu wamehamia mashambani kuamia ndege, na vishikwambi vimekwenda nao. Nilikasirika kwelikweli. Vifaa vya maktaba, kwenye tope!

Tope lenyewe lilinifika magotini kabla sijayaona madungu, vile vibanda vya juu ya miti vya walinzi wa mpunga. Nilitarajia mayowe ya kufukuza ndege. Nikasikia hadithi. Bi Somoe alikuwa dunguni, kishikwambi mkononi, akisoma kwa sauti ya juu kama anayegombana, na wanawake wa madungu ya jirani wakimsikiliza; mmoja alitaka arudie ugomvi wa mawifi. Alipochoka, dungu la pili lilidakia kwa kishikwambi chao. Wote walitumia kadi ya maktaba ya Bi Somoe. Yeye alikwisha kujiandikisha, wakaona kuandikisha na wengine ni usumbufu wa bure.

Nilimwamkia, nikamuuliza kulikoni.

"Kelele lazima tupige kutwa, mwanangu," alisema. "Sie tukaona bora tupige za kitabuni."

Nikamweleza kilichonileta. Hakubishana. Alikifuta kishikwambi kwa kanga, akaagiza viletwe na vile viwili, akanikabidhi vyote. Shamba likanyamaza. Nilikuwa bado navipanga begini, ndege aina ya kweleakwelea waliposhuka kundi zima kwenye mpunga, na wanawake wakarukia madebe wakiyapiga kwa hasira. Niliona aibu.

Nilivitoa vyote, nikamrudishia. "Soma, Bi Somoe."

Jioni nilirudi Kibiti na begi tupu, na daftarini majina kumi na manne ya kuandikiwa kadi. Kesho yake mkuu aliuliza vifaa viko wapi. Nikamjibu viko kazini, na vikipotea deni niandikiwe mimi. Muda wote ule nilikuwa nikikodolea macho kompyuta ili nijue kama Mohoro wanasoma, kumbe ilitakiwa niende nikasikilize.