Firigisi ya Mhubiri

Maisha yalivyobana mwaka huu, ndege niliisahau, nikaja Tabora kwa treni. Hoteli nayo nikaikwepa. Pale stesheni akina mama wa kanisa walikuwa wakipokea wageni wa mkutano wa injili, ili wakawalaze bure majumbani kwao.

“Mimi ndiye mhubiri wenu kutoka Dar,” nikasema bila haya.

Mama Kulwa akanichukua. Shuka zilizopigwa pasi, kuku akachinjwa. Sijapokewa hivyo hata kwa fedha yangu. Mzee mmoja mpole alinibebea begi, akaninawisha mikono. Nikaombwa kuombea chakula, nikapotea katikati ya Baba Yetu. Akamalizia yule mzee.

Mama Kulwa akanisogezea firigisi.

“Kula, baba. Mhubiri wetu alifika jana, ndiye huyo aliyekunawisha. Lakini mgeni ni mgeni.”