Makaa ya Bi Mwanapili

Bi Mwanapili wa Wete hakumvumilia mtu anayelala baada ya sala ya alfajiri. "Asubuhi ikishakupita," alikuwa akifoka, "mchana kutwa utaikimbilia, wala huipati!" Yeye alisali, akawasha moto, akafagia uwanja, akaanika karafuu kwenye majamvi, na jua lilichomoza kazi imekwisha. Moto wake ndio uliokuwa wa kwanza mtaani. Jirani yake, Bi Zuweina, alikuja kila alfajiri na kigae cha chungu kilichovunjika kupalia makaa, wakaulizana hali, kisha kila mmoja akashika njia yake. Miaka kumi na minane wakaishi hivyo.

Mwaka wa sitini na moja siasa ikaingia hadi majikoni. Watu wa chama hiki wakawa hawawaziki wa chama kile. Asubuhi moja Bi Zuweina hakuja.

"Kalala huyo," Bi Mwanapili alisema kwa hasira, ingawa alijua sivyo.

Akajaza kigae chake mwenyewe makaa, akakiweka kwenye ua wa makuti uliowatenga. Siku hiyo yalipoa bila kuguswa. Kesho yake alikijaza tena, akayakuta yamemwagiwa maji.

Siku ya tatu aliamka kwa adhana kama desturi, akafungua mlango wa jikoni. Kigae kilikuwa kimerudishwa ukutani kwake, chini tu ya makuti ya paa ambayo cheche moja ingeyateketeza, kimejaa makaa mekundu.

Kwa mara ya kwanza, kuna aliyemtangulia kuamka.