Jina Hili Haliuzwi

Habari ilinikuta sokoni Jericho, hapa Nairobi, nimeinamia robota la mitumba, nikichambua sweta za watoto. Mwenzangu wa meza ya pili alikuja akasimama mbele yangu bila kusema kitu, na mwanamke huyo hanyamazi hata akiwa anakula, kwa hiyo nikajua kuna mtu amekufa. Ni jirani yangu wa mlango unaofuata, yule aliyekuwa akiuza majina. Walimkuta asubuhi ameketi kwenye kiti chake, kichwa kimeegemea ukuta. Ilibidi vijana wavunje mlango, maana ulikuwa na komeo juu, komeo katikati na komeo chini, na kabati limesukumwa nyuma yake. Daktari alisema ni presha. Lakini kabla daktari hajasema lolote, mtaa mzima ulikuwa umeshaulizana swali moja kwa sauti ya chini: ni nani aliyekuwa akimfuata? Nami niwaambie ukweli, nyinyi mnaonisoma. Siku hiyo nilifunga meza mapema, nikarudi nyumbani, nikajifungia mchana kweupe. Mimi niliyezika mume na kulea wajukuu, nilikaa kitandani nikisikiliza viatu vya wapita njia.

Alikuwa mtu wa magharibi, mrefu, mpole, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashine ya teleksi katika kampuni moja huko eneo la viwanda. Kompyuta zilipoingia, teleksi ikatiwa stoo, naye akapewa bahasha na kushikwa mkono. Wenzake walioachishwa kazi pamoja naye waliingia kwenye ufugaji wa kuku, wengine wakafungua vibanda, wengine wakaingia kwenye chupa. Yeye aliwapeleka mkewe na watoto nyumbani kwao, kwa kuwa karo ya Nairobi ilikuwa imemshinda, akabaki peke yake akitafuta njia ya kuwarudisha. Ukimsalimu asubuhi, neno la pili lilikuwa hilo: nikipata tu, nawarudisha. Na zile pesa za bahasha, zote, akazitia kwenye majina.

Nilimuuliza ni majina gani. Alikuwa amesimama mezani kwangu akishikashika soksi ambazo hakuwa na nia ya kuzinunua. Akanieleza kwamba mtu anayetaka duka lake lionekane dunia nzima kwenye intaneti lazima awe na jina la mahali pake, na jina likishachukuliwa na mmoja, mwingine hawezi kulipata mpaka aende kwa huyo wa kwanza waelewane. Rafiki yake wa zamani wa kazini, aliyehamia ng'ambo, alikuwa amemsaidia kuyalipia.

"Sasa mkononi umeshika nini?" nikamuuliza.

"Sijashika kitu, mama."

"Basi umeibiwa."

Akacheka. Akaniambia nifikirie ploti za Dandora. Baraza la mji lilipozikata, mwenye barua ya kugawiwa alipewa kipande chake, akajenga kidogo kidogo, na waliochelewa wakaja kuwabembeleza waliowahi. Ploti moja, mwenyewe mmoja. Hapo nikaelewa. Na kwa sababu nilielewa, nikaanza kuogopa, maana ploti nazijua. Ndugu yake huyu huyu jirani alikuwa na ploti huko, akaenda nyumbani kwenye mazishi, na aliporudi alikuta mtu anachimba msingi, ana barua yenye muhuri kama yake. Na hapa kwetu, kiwanja walichokuwa wakichezea watoto kilizungushiwa mabati sisi tukiwa kanisani. Tulitoka kwenye ibada tukakuta wanaume tusiowajua wamesimama pale na mbwa. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu siku hizi ukiuliza unaulizwa wewe. Ndiyo maana kote Eastlands mnaona watu wameandika kwa rangi nyekundu kwenye kuta na mageti yao kwamba ploti hii haiuzwi. Mwenye kuandika hivyo hajivuni. Anaomba alale mahali pake aamke mahali pake.

Kwa hiyo msimcheke kwa alilofanya. Alimlipa mwenye ofisi ya kompyuta kule mjini, ambaye ndiye aliyekuwa akimpokelea na kumwandikia barua, amtengenezee ukurasa wa lile jina lake bora kuliko yote. Ni neno la kawaida la nyumbani, mtoto wa chekechea analijua. Silitaji hapa kwa sababu sasa lina wenyewe wengine. Kwenye ukurasa huo hakuweka picha wala maua. Aliweka maneno matatu mekundu, makubwa, jina hili haliuzwi, na chini yake maana yake kwa Kiingereza. Nilimuuliza kama hakulinunua ili aliuze. Akasema ndiyo, lakini kwanza lazima watu wajue lina mwenyewe.

Haukupita muda, barua ikaja kutoka ng'ambo. Mtu ambaye hakujitambulisha aliuliza bei. Jirani alikuja sokoni mbio, hata hakusalimu. Nilimwambia yale ninayowaambia wasichana wanaoanza biashara ya nguo hapa kwetu: mteja akiinua nguo, usikimbilie kutaja bei. Muulize anamnunulia nani. Akishasema ni ya mtoto anayeanza shule, au ya mume anayekwenda kutafuta kazi, mnaanza kuzungumza kama watu. Nikamwambia amuulize huyo mtu analitakia nini jina hilo.

"Na yeye ameshaniuliza mimi ni nani na nakaa wapi," akasema, akakaa juu ya robota kama mtu aliyekatwa miguu. "Mnunuzi anataka kujua ninapolala kwa nini?"

Nami ningeliuliza hivyo hivyo. Basi hakuuliza kitu. Alimwambia mwenye kompyuta ajibu neno moja tu, haliuzwi. Siku chache baadaye ikaja bei, bila kuombwa. Akajibu vilevile. Ikaja nyingine, kubwa kuliko ya kwanza, na halafu nyingine. Mtu mwingine angechinja kuku. Yeye alikuja kwangu amekonda, akaniuliza kama mtu mwema huongeza pesa kwa kitu alichoambiwa hakiuzwi. Alikumbuka kwamba hata wale waliochukua ploti ya ndugu yake walianza kwa kumtolea bei, tena bei nzuri. Kila bei ilipopanda, aliongeza komeo. Vijana wanaokaa kwenye ukuta karibu na duka walimzoea kwa utani, wakimwita Mzee Majina. Mmoja alimwambia, "Buda, niuzie jina, hili langu karao wameshalijua," yaani polisi. Zamani angecheka akawanunulia maandazi. Safari hii alisimama, akamtazama yule kijana usoni, akamuuliza ametumwa na nani.

Halafu siku moja msichana akaja, amevaa viatu vya kisigino, ana faili kifuani, ameelekezwa mtaa tu na mwenye ofisi ya kompyuta, akiuliza nyumba kwa nyumba mzee wa majina anakaa wapi. Wale vijana ndio walioniletea habari, na safari hii hawakuwa wakitania. Nilitoka nikamkalisha kwenye kigoda mbele ya mlango wangu, mahali ambapo kila mtu anaona, kisha nikaenda kugonga kwa jirani, nikamwambia ana mgeni. Nilisikia komeo likisukumwa, lakini likisukumwa ndani zaidi.

"Yuko na nani?" akauliza.

"Yuko peke yake. Ni mtoto wa watu tu, viatu vimemchubua."

"Hao ndio hutumwa kwanza. Gari liko wapi?"

"Amekuja kwa miguu."

"Basi limesimama mbali."

Niwaambieni, nimeuza nguo miaka mingi na nimekuwa dalali wa watu wengi wasiopatana, lakini sijawahi kubeba bei kati ya kigoda na mlango uliofungwa. Nilikwenda nikirudi. Msichana alisema, "Shosho, mwambie ataje bei yoyote, nimeruhusiwa kuongeza." Nikaipeleka. Kutoka nyuma ya mlango jirani akauliza ameruhusiwa na nani. Nikalirudisha swali. Msichana akaangalia faili lake, akaangalia chini, akasema amekatazwa kusema. Neno hilo sikutaka kulipeleka, lakini nililipeleka, na nikasikia kabati likiburutwa sakafuni.

Niliweka mdomo kwenye tundu la ufunguo nikamwambia awafikirie watoto wake, kwamba labda hii ndiyo nauli yao ya kurudi.

"Nawafikiria hao hao, mama," akasema. Sauti yake ilikuwa karibu sana, kama aliyeweka shavu kwenye mbao. "Afadhali wawe na baba maskini kuliko waletewe habari. Mwambie haliuzwi."

Msichana akaondoka akichechemea. Barua zikakoma, na kimya kile kikawa kibaya kuliko barua. Mfanyabiashara, mteja akiondoka, hujiambia atarudi, na humngoja kwa hamu. Jirani yangu alimngoja kama mtu anavyongoja majambazi. Aliacha kwenda mjini, akaacha kanisa. Watu walipoanza kusema kwamba kompyuta zote zitazimika mwaka utakapogeuka kuwa elfu mbili, sote tulihofia pesa zetu za benki; yeye peke yake alionekana kupata nafuu, maana jina lake nalo lingezimika, asiwepo wa kulitaka. Hakuufikia huo mwaka.

Mkewe alikuja kutoka magharibi kwa ajili ya matanga, uso umevimba kwa kulia njia nzima. Tulikuwa uani, mbele ya ule mlango uliovunjwa, akina mama tunamenya viazi, tukizungumzia nauli ya kumpeleka marehemu kwao. Nikaona visu vimeacha kumenya. Nilipogeuka, msichana yule yule alikuwa ameingia, ana faili lile lile. Hakujua kama kuna msiba. Mama mmoja alimnyakua mtoto wake akaingia naye ndani. Mwingine akaninong'oneza, "Ndiye?" Nami nikasema moyoni kwamba sasa wamekuja kumalizia.

Mjane aliuliza ni nani. Nikamweleza. Mjane akaingia ndani, akatoka na kiti, kile kile alichofia mumewe, akakiweka katikati yetu sote. Akamwambia msichana akae. Akampa chai, akamwambia anywe kwanza. Aliketi ukingoni mwa kiti, akakumbatia faili lake, ndipo nilipoona kwamba mtoto wa watu anaogopa kutushinda.

"Hao waliokutuma," mjane akasema, "wanalitakia nini jina la mume wangu?"

Msichana alifungua faili, akalifunga. "Wanauza vyondo, mama, vikapu hivi vyetu vya kusuka. Ni mzee na mkewe, wana duka moja dogo huko ng'ambo. Kampuni yetu ndiyo inayowatumia vyondo kutoka hapa."

"Basi?"

"Basi."

"Na mbona hukusema?"

"Waliniambia nisiwataje. Kwamba mwenye jina akijua wanavyolipenda, atapandisha bei."

Mjane akauliza kwa nini basi walikuwa wakiipandisha wenyewe. Msichana akasema ni kwa sababu ya yale maandishi mekundu. Mzee wa duka alisoma maneno yale akadhani mwenye jina ni mtu mkubwa sana, asiyeshikika kwa pesa ndogo. Na kila jibu lilipokuja la neno moja, bila salamu, bila jina, yule bibi alikuwa akimsihi mumewe waache, wataingia matatani na watu wasiowajua.

"Walikuwa wanaogopa, mama," akasema.

"Walikuwa wanamwogopa nani?"

Msichana akageuka. Alitazama ule mlango uliovunjwa.

Hakuna aliyelia wakati huo. Mjane alikipokea kikombe, akamwambia msichana alichukue jina kwa ile bei waliyotaja mwisho, hataongeza hata senti, ila awaandikie hao wazee kwamba mwenye jina alikuwa mtu mpole. Mwenye ofisi ya kompyuta akaja, akashughulikia kulihamisha. Pesa zilikuja kabla ya mazishi. Zilitosha kumsafirisha na kulipa karo iliyokuwa imesimama, na watoto wanaendelea kusoma kule kule kijijini. Alitaka kuwaleta kwake, akapelekwa kwao.

Nimelifikiria jambo hili nikiwa nimekaa mezani kwangu, na linaniogopesha kuliko wale wanaume wa mabati. Hao angalau niliwaona. Hapa palikuwa na wazee wawili upande mmoja na mzee mmoja upande wa pili, wote watu wa kawaida, wote wameambiwa biashara ni kuficha uso, na kati yao hofu ikapandisha bei mpaka ikamuua mmoja. Mji huu umetufundisha kufunga mlango kwanza, na sikatai, una sababu zake. Sitawaambia msiogope. Mimi mwenyewe jana nilibishiwa hodi nikashtuka, sindano ikanichoma kidole. Ninachowaambia ni hiki: ogopa, lakini uliza. Muulize mtu anataka nini na anakitakia nini, mchana, mbele ya watu, akiwa ameketi na kikombe mkononi. Jirani yangu aliambiwa bei nyingi. Alikufa hajauliza wanalitakia nini.